Sauti Ile Ni ya Nani? Maoni ya Mhadhiri Kuhusu Insha Yangu ya Filamu

Kazi yetu ya mwisho wa muhula katika somo la filamu na televisheni ilikuwa na sehemu mbili: insha ndefu kuhusu filamu moja kati ya zile tulizotazama darasani, na uchambuzi mfupi wa jioni moja ya matangazo ya televisheni. Kazi zimesahihishwa na kurudishwa. Alama nilizopata zinanitosha na sina la kulalamikia. Ninachotaka kukijadili hapa ni maoni yaliyoandikwa pembeni mwa kurasa zangu, kwa sababu mojawapo limebadilisha namna ninavyotazama filamu, na jingine nililipinga na hadi leo nalipinga, ingawa limenifaa kwa njia ambayo sikuitarajia.

Niliandika kuhusu La Noire de..., filamu ya Ousmane Sembène wa Senegal iliyotoka mwaka 1966. Wanafunzi wengi huichagua kwa kuwa ni fupi, takribani saa moja tu, na hadithi yake haina mafumbo. Msichana wa Dakar aitwaye Diouana anaajiriwa na familia ya Kifaransa kulea watoto, kisha anaitwa awafuate waajiri wake Ufaransa, katika mji wa Antibes ulio pwani ya kusini. Anapofika huko anakuta watoto hawapo, na yeye amegeuzwa mpishi, mfuaji na msafishaji wa nyumba ambayo hapati nafasi ya kutoka. Mwishowe anajiua bafuni. Mimi niliichagua kwa sababu nyingine. Mtu aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hana haja ya kuelezewa sana hadithi hiyo, kwani mara nyingi anao jamaa au majirani waliokwenda Muscat au Dubai kufanya kazi za ndani, na anazijua zile simu zinazopigwa usiku kwa sauti ya chini wenye nyumba wakiwa wamelala. Insha yangu ilijaa uchungu huo, na hakuna aliyeniambia niuondoe.

Mbele ya insha ilibanwa fomu ya vigezo vya usahihishaji, yenye visanduku vya uelewa wa mada, matumizi ya nadharia, mpangilio wa hoja na lugha, kila kimoja kikiwa na alama ya vema na neno moja au mawili. Fomu za namna hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya ofisi ya mitihani. Mwandishi anayeambiwa kwamba mpangilio wa hoja zake ni mzuri hajui afanye nini kesho asubuhi atakapokaa kuandika tena. Maoni yenye uzito yalikuwa ndani, kwa kalamu ya risasi, na yaliandikwa kwa Kiswahili ingawa insha yenyewe ilikuwa ya Kiingereza kama utaratibu wa chuo unavyotaka. Mhadhiri huyu hufanya hivyo anapotaka kusema jambo kwa dhati, na sisi wanafunzi wake tumezoea kuyatafuta maandishi hayo ya risasi kabla hata ya kuangalia alama.

Katika ukurasa wa tatu nilikuwa nimeandika kwamba Diouana anatuambia kuwa Ufaransa kwake ni jiko, sebule, bafu na chumba cha kulala. Mhadhiri alilipigia mstari neno “anatuambia”, kisha pembeni akaandika: “Sauti hii ni ya nani? Anamwambia nani? Rudi ukaisikilize.” Hakuandika kingine katika ukurasa huo. Nilipokwenda ofisini kwake kumwuliza, hakuonyesha kushangaa.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umekuja kwa ajili ya ukurasa wa tatu?”

“Ndiyo, Mwalimu. Mimi nilichukulia kwamba sauti ni ya Diouana mwenyewe.”

“Basi kaitazame tena, uangalie ni lini anafungua kinywa.”

“Na yale niliyoandika kuhusu jiko na sebule, niyaache?”

“Usiache kitu. Sikiliza kwanza.”

Nilipoitazama tena kwa agizo hilo, filamu niliyodhani naijua ilianza kugawanyika sehemu mbili. Diouana anayeonekana kwenye picha karibu hasemi. Tangu anaposhuka melini na kupokewa na mwajiri wake, ambaye filamu inamwita Monsieur tu bila jina, majibu yake ni yaleyale: “Oui, Monsieur” (ndiyo, bwana), na baadaye nyumbani, “Oui, Madame” (ndiyo, bibi). Wageni wa chakula cha mchana wanamzungumzia mbele yake kana kwamba hasikii, mmoja wao anainuka na kumbusu shavuni kwa kuwa hajawahi kumbusu mwanamke mweusi, naye hatamki neno. Lakini juu ya picha hizo kuna sauti ya mwanamke inayosema kwa Kifaransa fasaha, kwa utulivu na bila kutafuta maneno, ikiuliza, ikilalamika, ikikumbuka Dakar, ikihesabu vyumba vya nyumba ile. Nilikuwa nimeziunganisha sauti hiyo na sura ile bila kujiuliza chochote, kama watazamaji wengi wanavyofanya, kwa sababu ndivyo sinema ilivyotuzoeza: mtu akionekana amenyamaza na sauti ikasikika, tunaamini ni mawazo yake.

Ukweli ni kwamba sauti ile ni ya mtu mwingine kabisa. Diouana anaigizwa na Mbissine Thérèse Diop, Msenegali. Sauti tunayoisikia ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji na mwigizaji mzaliwa wa Haiti aliyekuwa akiishi Paris, mmoja wa waanzilishi wa kundi la tamthilia la Les Griots lililoundwa huko mwaka 1956. Filamu ilipigwa bila kurekodi sauti papo hapo, na maneno yote yakaingizwa baadaye studioni. Taarifa hii haikufichwa mahali popote na kila mwenye kuitafuta anaipata. Nilichokosa mimi ni sababu ya kuitafuta, na swali la Mwalimu ndilo lililonipa sababu hiyo.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza maana yake ni nini kwamba mawazo ya kijakazi wa Dakar, ambaye kwa mantiki ya hadithi angewaza kwa lugha ya kwao, yanatufikia kwa Kifaransa na kwa koo la mwanamke wa ng'ambo ya Atlantiki. Jibu jepesi ni la kifedha: filamu za Kiafrika za wakati ule katika nchi zilizotawaliwa na Ufaransa zilitegemea sana fedha na vyombo vya Wafaransa, na lugha ilifuata fedha. Jibu hilo ni la kweli. Sembène alipotengeneza Mandabi mwaka 1968 aliipiga katika matoleo mawili, la Kifaransa na la Kiwolofu, na lile la Kiwolofu likawa hatua kubwa katika historia ya sinema ya bara hili. Kabla ya hapo hali ilikuwa ngumu zaidi, kwani Amri ya Laval ya mwaka 1934 ilimlazimu yeyote aliyetaka kupiga filamu katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika aombe kwanza kibali cha serikali ya kikoloni, ndiyo maana Paulin Vieyra na wenzake walipotengeneza Afrique-sur-Seine mwaka 1955 waliipiga Paris. Mtu aliyetoka katika mazingira hayo na kufanikiwa kumweka mwanamke mweusi katikati ya filamu nzima hapaswi kulaumiwa kwa lugha iliyosikika.

Hata hivyo, sidhani kwamba fedha inamaliza maelezo. Ndani ya nyumba ile ya Antibes Diouana anachukuliwa kuwa mtu asiye na lugha, na sauti inayosikika juu ya picha ina lugha kuwashinda wote waliomo ndani ya picha. Madame anafoka, Monsieur anaguna na kushika gazeti lake, wageni wanasema upuuzi. Sauti peke yake ndiyo inayofikiri kwa sentensi zilizokamilika. Hao waajiri hawaisikii. Mpenzi wake aliyebaki Dakar haisikii, wala mama yake. Wanaoisikia ni sisi tuliokaa mbele ya skrini, na mwaka 1966 waliokaa mbele ya skrini walikuwa watazamaji wa Paris, ambako filamu ilipewa Tuzo ya Jean Vigo, na watazamaji wa Tunis, ambako ilipata Tanit ya Dhahabu katika tamasha la kwanza la Carthage. Swali la pili la Mwalimu, lile la anamwambia nani, lilihitaji jibu hilo. Diouana anawaambia watu wa nje ya nyumba kwa lugha ya watu wa ndani ya nyumba.

Tukio lililonionyesha hayo kwa uwazi zaidi ni lile la barua. Barua inatoka Dakar kwa mama yake Diouana, ambaye hajui kuandika. Aliyemwandikia ni mwalimu wa mtaani kwao, mvuta kiko, na anayemwigiza mwalimu huyo ni Sembène mwenyewe. Diouana naye hajui kusoma, hivyo anayeisoma kwa sauti ni Monsieur, mkewe akiwapo. Maneno ya mama yanapofika sikioni mwa bintiye yameshapita katika mkono wa mwanamume mmoja na kinywa cha mwanamume mwingine, na yamekuwa Kifaransa. Yanamlaumu mtoto kwamba amesahau nyumbani. Kisha Monsieur, kwa nia ambayo kwa kweli si mbaya, anachukua karatasi na kuanza kumwandikia majibu: anabuni salamu, anabuni habari za afya njema, na kila baada ya kitambo anamtazama Diouana ili naye aongeze la kwake. Diouana amesimama kimya. Sauti ya Bissainthe ndiyo inayokataa, na inakataa jambo mahususi, kwamba barua ile si yake. Halafu mikono ya Diop inainyakua karatasi na kuichanachana.

Katika insha niliyowasilisha, barua ile ilipata sentensi moja, kama ushahidi kwamba Diouana hakusoma. Sasa naiona kuwa ndiyo kiini cha filamu. Wanaume wawili wanaandika na kusoma kwa niaba ya wanawake wawili, huku mtengenezaji wa filamu, ambaye naye anampa mwanamke huyo maneno ambayo hakuyatamka kwa kinywa chake, amejiweka mwenyewe ndani ya picha katika nafasi ya mwandishi wa barua za watu. Sembène alikuwa mpakuzi wa mizigo katika bandari ya Marseille kabla ya kuwa mwandishi wa vitabu, na baadaye alikwenda Moscow kusomea filamu kwa sababu aliona kwamba wengi aliotaka kuzungumza nao hawangeweza kuvisoma vitabu vyake. Alikijua vizuri kiti cha mtu anayewasemea wengine. Kitendo cha kukikalia mbele ya kamera, katika filamu ambayo barua inachanwa kwa sababu imesemwa na asiyehusika, nakiheshimu kuliko kitu kingine chochote katika kazi hiyo, na nisingefika hapo bila maandishi yale mafupi ya risasi.

Maoni ya pili yalikuwa katika ukurasa wa sita. Hapo nilikuwa nimeweka aya moja kuhusu watafsiri wa filamu wa huku kwetu, wale ambao sauti zao zilifunika sauti za waigizaji katika kanda za video na baadaye katika diski. Mhadhiri alipitisha mstari mmoja wa mshazari juu ya aya yote na kuandika: “Ondoa. Si mada.”

Naomba nieleze kwa urefu kidogo kwa nini naamini ni mada, kwa sababu nadhani wasomaji wengi wa hapa wana kumbukumbu zitakazoniunga mkono. Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara; Zanzibar ilikuwa na kituo chake cha rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilibidi kusubiri hadi mwaka 1994. Kwa watu wa mitaa mingi ya Dar es Salaam, Mwanza au Tanga, mahali pa kuonea filamu palikuwa kwenye mabanda ya video, ambayo hadi leo wengine huyaita vibanda umiza, na filamu zenyewe zilikuwa za Hong Kong, India, Marekani na baadaye Nigeria. Hapo ndipo walipojitokeza watu kama Lufufu na mwenzake King Rich, ambao walipunguza sauti ya filamu, wakashika kipaza sauti, wakaisimulia kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nchini Kenya jina lililovuma katika kazi hiyo ni DJ Afro, na Uganda kuna wale wanaoitwa ma-VJ, maarufu kati yao akiwa VJ Jingo.

Asiyewahi kuwasikia watu hawa anaweza kudhani kwamba walikuwa wakifasiri mazungumzo. Walifanya zaidi ya hapo. Mtafsiri alimtambulisha steringi tangu anapotokea, alitueleza ukoo wake, aliwapa wahusika majina tunayoyajua, alituonya kwamba yule anayecheka sana ndiye msaliti. Na jambo ambalo ndilo lililonifanya niliandike katika insha ya Sembène ni hili: pale ambapo filamu yenyewe ilikuwa kimya, mwigizaji amesimama dirishani anatazama mvua na hakuna anayezungumza, mtafsiri ndiye aliyemwekea mawazo. “Hapa anajisemea moyoni,” angesema, kisha angebadilisha sauti, aishushe, na tungesikia mtu wa Hong Kong akiwaza kwa Kiswahili cha Kariakoo kuhusu deni, mke na heshima ya baba yake. Mwenye filamu hakuandika mawazo hayo. Yaliandikwa hapohapo na mtu aliyekuwa akitazama picha kama sisi, aliyejua sisi tunawaza nini.

Tofauti na Diouana ni kubwa, na sikuificha katika aya yangu. Bissainthe alisoma maneno aliyoandikiwa na mwongozaji mwenye nia moja tangu mwanzo hadi mwisho, na Lufufu alikuwa akiitwaa filamu ya mtu mwingine na kuigeuza yake. Kinachofanana ni muundo: picha imetoka mahali pamoja na sauti imetoka mahali pengine, na mtazamaji ndiye anayezifunga pamoja. Muundo huo kwetu haukuanzia kwenye kanda za video. Mwaka 1935 mradi wa kikoloni ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulipiga kambi Vugiri, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, chini ya Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, na hadi ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu kadhaa za mafunzo kuhusu kilimo, afya, akiba na mengineyo. Filamu zilipigwa bila sauti. Maneno yalirekodiwa kando katika sahani za gramafoni, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa, na lori la maonyesho lilipozunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, sahani ya lugha inayofaa iliwekwa kulingana na mahali. Wakulima wa Usambara wanaonekana wakilima. Sauti inayowasemea inatoka kwenye sahani, na inasema kile ambacho mradi unataka kijulikane. Mtu anayesoma filamu katika nchi hii akiambiwa kwamba suala la nani anasema juu ya picha ya nani liko nje ya mada, nadhani ana haki ya kusimama na kujibu.

Nilisimama, nikajibu. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba hoja anaiona na kwamba kilichomfanya apitishe mstari ni kitu kingine. “Ukimwandika Sembène, unanitajia tukio, nalifungua na kuliona. Lufufu umemsikia wapi? Kanda gani? Dakika ya ngapi? Mimi pia nilikaa vibandani, mwanangu. Kumbukumbu yangu na yako si ushahidi.” Hapo sikuwa na jibu la haraka. Bado nashikilia kwamba angeandika hivyo pembeni badala ya kusema si mada, kwa kuwa maelezo hayo mawili yanamtuma mwanafunzi njia mbili tofauti: moja inamwambia aache, nyingine inamwambia akatafute. Lakini nakiri kwamba masharti aliyoyaweka ni yaleyale ya ukurasa wa tatu. Rudi ukaisikilize, na uniambie umeisikia wapi.

Sehemu ya televisheni nitaipitia haraka. Nilikuwa nimechambua kipindi kimoja cha tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili, aina ambayo Azam TV iliipatia watazamaji wengi kwa Sultan, na nilikichambua kama kitu kilichokatwa na kuwekwa peke yake mezani. Mhadhiri aliandika kwamba kipindi hakianzi pale kinapoanza, akanielekeza kwa Raymond Williams, mwanazuoni wa utamaduni na televisheni, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1974 anaeleza alivyotazama filamu usiku mmoja Miami, akiwa ametoka katika safari ya meli ya kuvuka Atlantiki, na akashindwa kutenganisha filamu aliyokuwa akiitazama na matangazo ya biashara pamoja na vipande vya filamu nyingine vilivyokuwa vikiingia katikati. Kutokana na hali hiyo alipata wazo kwamba kinachorushwa na televisheni ni mtiririko mmoja wa jioni nzima, na kwamba mpangilio wa ratiba katika gazeti unatuficha jambo hilo.

Nilipoirudia rekodi ya jioni yangu, kuanzia taarifa ya habari ya saa mbili usiku hadi mwisho wa tamthilia, nilipata kitu ambacho uchambuzi wangu wa kwanza usingeweza kukipata. Sauti ya mwanamke iliyokuwa ya mke wa mfalme, yenye majivuno na pumzi ndefu, ilirudi katika tangazo la unga wa ngano ikiwa ya mama mwenye furaha jikoni, na ninaamini, kwa kadiri sikio langu linavyoniambia, kwamba ni mtu mmoja. Hakuna aliyetaka nizihusishe sauti hizo mbili. Lakini mtazamaji aliyekaa sebuleni jioni nzima anazisikia kwa mfululizo, na unga wa ngano unapata kidogo cha enzi ya ikulu, kama ambavyo malkia naye anapata kidogo cha uzoefu wa jikoni kwetu. Waingizaji sauti wa tamthilia hizi wanafanya kazi ngumu ya kupatanisha urefu wa sentensi ya Kiswahili na mwendo wa mdomo uliosema Kituruki, na sijaona bado uchambuzi wa kina unaowataja kama waigizaji. Mradi wa Vugiri uliweka sauti kwenye sahani. Wao wanaiweka kwenye kompyuta. Swali la ukurasa wa tatu linawahusu wote.

Nimewasilisha pendekezo la tasnifu, na Mwalimu amelikubali kwa sharti moja, kwamba lisimame juu ya kanda zinazoweza kusikilizwa na mtu mwingine asiyekuwa mimi. Nitachukua filamu moja iliyotafsiriwa katika kipindi cha kanda za VHS, niiweke sambamba na toleo lake la asili, na niandike dakika kwa dakika ni wapi mtafsiri anafuata mazungumzo, ni wapi anayaacha, na zaidi ya yote ni wapi anaingiza mawazo mahali ambapo mwigizaji amenyamaza. Ugumu ni kupata kanda zenyewe. Nyingi zilirekodiwa juu mara baada ya mara, nyingine zimeota ukungu katika maboksi ya wenye mabanda ya zamani, na sijui maktaba yoyote iliyozikusanya kwa kuwa zilichukuliwa kuwa bidhaa za kupita. Yeyote mwenye kanda ya Lufufu, King Rich au mtafsiri mwingine wa wakati huo, hata kama haichezi vizuri, namwomba asiitupe. Nitagharamia kuihamishia kwenye kompyuta, nitamrudishia kanda yake pamoja na nakala, na jina lake litaandikwa katika tasnifu akipenda.